Mshahara Ubaki Nairobi, Shule Ije Kaunti

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanabodi wa shule, Kinango, Kaunti ya Kwale

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo nyote.

Mmenialika nizungumzie jambo ambalo limekuwa likitokota tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013: elimu ya watoto wetu ishikwe na nani, Serikali Kuu au serikali ya kaunti? Nimefundisha shule za msingi tangu ujana wangu hadi nikastaafu, na tangu nistaafu nimekaa katika bodi ya shule. Nimemjua mwalimu anayesubiri mshahara, na nimekuwa mzee anayesubiri pesa za kuezekea darasa. Nitasema ninachokiamini, nanyi mtanipinga baadaye, maana muda wa maswali upo.

Msimamo wangu ni huu. Mshahara wa mwalimu, mtaala na mtihani vibaki mikononi mwa Serikali Kuu. Lakini shule yenyewe, kwa maana ya darasa, dawati, choo, tangi la maji, chakula cha mchana, ua na mlinzi wa usiku, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 9, ije kaunti pamoja na pesa zake. Najua humu ndani wako wanaotaka kila kitu kije, na wako walimu wanaotetemeka wakisikia tu neno kaunti. Nyote wawili nina neno nanyi.

Tuanze na Katiba, kwa sababu watu wengi hulaumu wasichokisoma. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 iligawa kazi katika Jedwali la Nne. Serikali Kuu ilipewa sera ya elimu, viwango, mitaala, mitihani na hati za vyuo vikuu; ikapewa vyuo vikuu vyenyewe, shule za sekondari, shule za msingi na elimu ya watoto wenye mahitaji maalum. Kaunti zikapewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Basi, hapo ndipo mwisho. Tuna kaunti 47, kila moja na gavana wake na waziri wake wa elimu, na mtoto akimaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, anatoka mikononi mwao.

Kwenye karatasi mgawanyo huo unasomeka vizuri. Sasa twendeni shuleni tukauone. Nitawapeleka kwenye shule moja ninayoijua, sitaitaja jina wala kaunti yake.

Ukiingia langoni, upande wa kulia kuna darasa la chekechea. Limejengwa na kaunti. Kuta zimepigwa rangi, zimechorwa herufi na wanyama, viti ni vidogo vya kimo cha mtoto, na mfereji wa bati unateremsha maji ya mvua kwenye tangi jeusi lililofungwa kwa kufuli. Saa nne watoto wanapewa uji. Upande wa kushoto, mwendo wa kutupa jiwe, kuna Gredi ya 1. Darasa hilo walilijenga wazazi kwa harambee zamani sana. Sakafu imechimbika mpaka dawati halisimami sawa. Mwalimu ameliegemeza kwa tofali. Dirisha halina fremu, na mvua ya vuli ikija na upepo watoto wanahamia kona moja. Mtoto anayemaliza PP2 mwezi wa Novemba, Januari anavuka uwanja huo huo na kuingia serikali nyingine. Uji unakoma siku hiyo. Hajabadilisha shule, hajabadilisha njia ya kuja, mama yake ni yule yule na njaa yake ni ile ile.

Na walimu nao wana mabwana watatu ndani ya ua mmoja. Yule wa chekechea ameajiriwa na kaunti, ijapokuwa usajili wake uko TSC, Tume ya Huduma za Walimu ya Serikali Kuu. Yule wa Gredi ya 1 ni wa TSC. Yule wa Gredi ya 4 ni mwalimu wa bodi, analipwa na wazazi wakipata. Mwalimu mkuu anaulizwa habari za wote watatu, lakini mamlaka kamili anayo juu ya mmoja tu.

Mwaka mmoja wakati wa masika, choo cha wasichana wakubwa wa shule hiyo kilititia. Ukuta wa nyuma ukazama shimoni. Mwalimu mkuu akaandika barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ambayo ni ya Serikali Kuu. Jibu: pesa za miundombinu hazijafika, asubiri. Akamwendea mwakilishi wadi. Yule bwana, kwa kweli, alifika mwenyewe na kukitazama choo, akasikitika, kisha akasema asingeweza kutenga hata shilingi, kwa sababu mkaguzi angemwuliza kwa nini pesa za kaunti zimechimba choo cha shule ya msingi. Akaenda ofisi ya mbunge. Huko akaambiwa orodha ya miradi ya mwaka huo imekwisha kufungwa. Ofisi tatu, na hakuna hata moja iliyokataa kwamba choo kimeanguka. Wasichana wa Gredi ya 7 wakawa wanaondoka saa sita kwenda nyumbani, na wengine hawarudi mchana. Kilichokuja kukichimba mwishowe ni michango ya wazazi, wale wale ambao tunaambiwa kila mwaka kwamba elimu ya watoto wao ni ya bure.

Kwangu mimi swali la nani ashike elimu linaanzia kwenye choo hicho. Tusilichukulie kama mashindano ya magavana na mawaziri. Tuulize ni ofisi ipi inayoweza kufikiwa na mama wa Samburu ya Kwale kwa nauli aliyo nayo, na ikashindwa kumwambia kwamba hiyo si kazi yetu.

Wako watakaosema basi kila kitu kije kaunti, walimu na wote, tumalize. Hao nawaomba wawaulize wazee waliofundisha miaka ya 1960. Wakati ule shule za msingi zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti ya zamani. Kila baraza lilikuwa mwajiri wa walimu wake, na baraza lenye ushuru mdogo lilishindwa kuwalipa. Walimu walikaa bila mishahara, wakagoma. Chama cha walimu cha KNUT, kilichozaliwa mwaka wa 1957, kilipigania walimu wote wawe na mwajiri mmoja, na ndipo TSC ilipoundwa mwaka wa 1967. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya 1969 iliyoyaondolea mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Manispaa kama Nairobi na Mombasa ziliachiwa. Ni kweli serikali ya wakati ule ilipenda kujilimbikizia madaraka, na majimbo ya 1963 ilikuwa imeshayavunja mapema. Lakini mwajiri mmoja hakuwa hila ya wanasiasa. Aliombwa na walimu wenyewe, wakiwa na njaa.

Kama historia ni ya mbali, tazameni hospitali. Afya iligatuliwa mwaka wa 2013. Desemba 2016 madaktari waligoma, na mgomo ule ulidumu siku 100. Mwaka wa 2024 wakagoma tena karibu miezi miwili. Kila Hazina ya Kitaifa inapochelewesha mgao, wauguzi wa kaunti hii au ile hukaa miezi bila mshahara. Walimu wanayaona hayo, na ndiyo maana KNUT na KUPPET, chama kingine cha walimu, hawataki hata kusikia habari za kupelekwa kaunti. Mimi nawaunga mkono katika hilo bila kusita.

Na kuna hesabu. Katika bajeti ya 2025/26 sekta ya elimu ilitengewa takriban shilingi bilioni 702.7. Mgao wa kaunti zote 47 kutoka mapato ya taifa mwaka huo ulikuwa bilioni 415. Zaidi ya nusu ya pesa za elimu huenda TSC, na nyingi kati ya hizo ni mishahara. Kwa hivyo mshahara wa mwalimu peke yake unaukaribia mgao wote wa kaunti zote, wa hospitali, barabara, maji na kilimo. Ukiuteremsha mzigo huo kwa magavana, siku moja pesa zikichelewa gavana atachagua kati ya dawa na mwalimu. Sitaki mwanangu awe sehemu ya uchaguzi huo.

Jambo la pili linalonifanya niseme pesa zibaki katika mfuko wa taifa zima ni tofauti ya utajiri. Wamarekani wametuonyesha jambo hili waziwazi. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja, kwa hivyo imekuwa kazi ya majimbo, na majimbo mengi yakaziacha shule zitegemee kodi ya ardhi na majumba ya mtaa uliomo shule. Katika mji wa San Antonio, Texas, mzazi mmoja aitwaye Demetrio Rodriguez na wenzake wa wilaya ya Edgewood walikwenda mahakamani. Edgewood walikuwa maskini, wengi wao wenye asili ya Mexico, na walijitoza kodi ya kiwango cha juu kuliko majirani wao matajiri wa Alamo Heights. Kodi yao ikaleta dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, kwa kiwango cha chini, ikaleta dola 333. Maskini walijikamua zaidi wakapata kidogo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka wa 1973 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba Katiba ya taifa haimpi mtoto haki ya elimu ambayo wangeweza kuilinda. Rodriguez akashindwa.

Sisi Katiba yetu haikutuacha hivyo. Ibara ya 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo haina kaunti. Mtoto wa Kinango asihesabiwe kwa wingi wa magorofa yaliyojengwa Kinango. Nawaomba vijana mnaopenda kunukuu Marekani kila tukizungumza ugatuzi mkumbuke Edgewood. Tena mkumbuke Little Rock mwaka wa 1957, gavana wa Arkansas alipotumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya upili, na Rais Eisenhower akatuma jeshi la taifa liwasindikize darasani. Kuna siku mtoto huhitaji mlango wa kubisha ulio juu ya gavana wake. Humu kwetu kila kaunti ina jamii ndogo ndani yake, na kila kaunti ina wadi ambayo haikumpigia kura aliyeshinda.

Kwa hivyo walimu msiwe na wasiwasi nami. Lakini sasa niwageukie wale wanaosema kila kitu kibaki Nairobi kama kilivyo.

Mwajiri mmoja aliye mbali ana upofu wake, na umetugharimu sana. Mwaka wa 2018 TSC ilianza kuwahamisha walimu wakuu na wengineo wakafanye kazi nje ya kaunti zao. Nia iliyotajwa ilikuwa umoja wa taifa, na mimi umoja wa taifa naupenda. Ila nilimwona mwalimu mkuu wa miaka hamsini na kitu akipakia godoro kwenye pikipiki, akimwacha mke mgonjwa na shamba katikati ya palizi, akienda mahali ambako hajui lugha ya wazazi wa Gredi ya 1. Uamuzi huo ungepitia mezani pa mtu anayeijua familia yake usingekuwa hivyo. Sera hiyo ilikuja kuachwa baada ya uchaguzi wa 2022, ndoa nyingi zikiwa zimekwisha kuumia.

Kaskazini Mashariki ndiko kwenye somo zito zaidi. Novemba 2014 abiria 28 waliteremshwa kwenye basi huko Mandera wakauawa, na wengi miongoni mwao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2015 likatokea shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, roho 148 zikapotea. Walimu wasio wenyeji wakaogopa kurudi, na nani atawalaumu? Mwaka wa 2018 wengine wakaondolewa. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki na majengo na watoto. Kulikuwa na madarasa yaliyofundishwa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi.

Watu wa kila upande hulitumia tukio hilo kujipigia debe. Mwenye kupenda kaunti husema: mngeajiri wenyeji, yasingetokea. Mwenye kupenda Serikali Kuu hujibu: wenyeji waliosomea ualimu walikuwa wapi? Nao wote wawili wana haki. Serikali Kuu ililiacha eneo lile nyuma kwa miongo mingi, kwa hivyo hapakuwa na wenyeji wa kutosha wenye vyeti, na kaunti hata ingepewa uwezo wote wa kuajiri ingekuta kapu tupu. Dawa ilikuwa kufundisha walimu wa pale, kwa pesa za taifa, kwa miaka mingi kabla ya dharura kufika. Hilo linatuhusu hata sisi. Huku Kwale tuna vijana wangapi katika vyuo vya ualimu mwaka huu? Kaunti ina uwezo wa kuwalipia, TSC ina uwezo wa kuwaajiri, na kama wawili hao hawakai meza moja tutaendelea kuletewa mwalimu wa hisabati anayeomba uhamisho siku ya kwanza.

Kaunti hazikukosa moyo wa kusaidia. Hapa kwetu, wakati wa Gavana Salim Mvurya, ulianzishwa ufadhili wa Elimu ni Sasa, na vijana wa Kwale waliokuwa wakipewa barua za shule za kitaifa na kuzifungia sandukuni kwa kukosa karo wakaenda. Nimewafundisha baadhi yao. Lakini sekondari na chuo kikuu si kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne. Ndiyo sababu Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kwamba hazitaidhinishiwa pesa za basari bila makubaliano rasmi na Serikali Kuu. Magavana wakapiga kelele, mambo yakafika mahakamani, na wazazi wakakaa na watoto nyumbani hawajui washike lipi. Watu wengi walimtukana yule mama. Mimi nadhani aliisoma sheria kama ilivyoandikwa. Kosa ni letu, kwamba kwa miaka zaidi ya kumi tulipitisha mabilioni kwa mlango wa pembeni huku mlango wa mbele ukiwa wazi.

Mlango huo ni Ibara ya 187 ya Katiba. Naomba mkitoka hapa mkaisome. Inasema serikali moja inaweza kuihamishia nyingine kazi au mamlaka kwa makubaliano, ikiwa ile inayopokea inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Inasema ni lazima pesa za kuifanya kazi ziende pamoja nayo. Na inasema wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, hatuhitaji kura ya maoni. Hatuhitaji kubadilisha hata nukta. Waziri wa Elimu na Gavana wanaweza kukaa na kuandikiana kwamba kuanzia siku fulani ujenzi, ukarabati, maji na chakula cha shule za msingi na sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, za kaunti hii ni kazi ya kaunti, na kiasi fulani kwa kila mtoto kitafuata. Kaunti ikizembea, Serikali Kuu bado itaulizwa.

Mfano wa kushirikiana upo. Jijini Nairobi, mwaka wa 2023, kaunti ilianzisha mpango wa Dishi na County. Chakula kinapikwa katika majiko makubwa ya pamoja na kusafirishwa moto hadi shuleni, na mtoto hulipa shilingi tano kwa kugusisha bangili aliyovaa mkononi. Wanaokula ni wa chekechea na wa shule ya msingi pia, mtoto wa kaunti na mtoto wa Serikali Kuu kwenye foleni moja. Serikali Kuu ilichangia, na shirika lisilo la kiserikali likashiriki. Sisemi mpango ule hauna kasoro. Nasema pale sahani ilipowekwa mezani hakuna aliyeuliza Jedwali la Nne linasemaje.

Tazameni pia yaliyotokea Januari 2023. Watoto wa mtaala wa umilisi walipofika Gredi ya 7, uamuzi ukatolewa kwamba sekondari msingi iwe ndani ya shule za msingi. Uamuzi ulitoka juu wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Maabara hazikuwepo. Walimu wengi walioletwa walikuwa wa mkataba wa shilingi 20,000 kwa mwezi, na Mei 2024 wakagoma. Madarasa ya Gredi ya 9, ambayo Serikali Kuu ilitangaza ingejenga 16,000, mengine yalikamilika watoto wakiwa tayari wamehamia chini ya mwembe. Kuijua idadi ya madarasa yanayohitajika Lunga Lunga si jambo la mtu kukisia akiwa Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu kule Nairobi. Mwakilishi wadi anaweza kuyahesabu kwa mguu kwa siku mbili.

Najua mnayoyanong'ona. Pesa za kaunti zitaliwa. Darasa litapewa shemeji wa waziri alijenge. Picha ya gavana itabandikwa kila ukuta. Hofu hizo si za bure. Wizi tumeuona ngazi zote mbili, na aliyeko mbali haibi kidogo kwa kuwa yuko mbali. Ninachotaka ni pesa zisipitie kwa afisa yeyote wa ununuzi pale makao makuu ya kaunti. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze Januari 2003, ambapo watoto shuleni waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, pesa za kila mtoto huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Leo kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 400 inapaswa kupata 568,000, kwa mafungu matatu. Zinachelewa, hazitoshi, na mara nyingi hufika pungufu, lakini kila mzazi akitaka anaweza kuuliza zimeingia ngapi na zimetumika vipi, kwa sababu bodi ina hesabu. Pesa za ukarabati zitokazo kaunti zipite njia hiyo hiyo. Ziingie shuleni, ziamuliwe na bodi, na zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mwalimu mkuu pamoja na jina la fundi na bei aliyotoza.

Kwa walimu naongeza hili. Mshahara wenu, cheo chenu, nidhamu yenu na uhamisho wenu vibaki TSC kama Ibara ya 237 inavyosema. Lakini TSC isipange walimu wa Kwale bila kuketi na bodi na kaunti kila mwaka na kutazama orodha ya upungufu, shule kwa shule. Na mwalimu wa chekechea apandishwe hadi ngazi ya wenzake. Ndiye anayempokea mtoto akiwa hajui kushika kalamu, na katika kaunti nyingi analipwa kama kibarua, kwa mkataba wa kuhuishwa. Ikiwa kuna upande mmoja ambao kaunti zimeonyesha kwa nini walimu wanaziogopa, ni huu. Gavana anayetaka kuaminiwa na Gredi ya 9 aanze kwa kumlipa vizuri mwalimu wa PP1.

Sasa tufanye nini sisi tuliokusanyika hapa? Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo kuna vikao vya kupokea maoni ya wananchi, na nimehudhuria vikao vilivyokuwa na viti mia na watu tisa. Napendekeza kila bodi iliyo hapa iandike ukurasa mmoja tu: idadi ya watoto, idadi ya madarasa yanayofaa, vyoo vilivyo wima, umbali wa maji, walimu wa TSC, walimu wa bodi. Chini ya ukurasa tuandike ombi moja, kwamba serikali ya kaunti iombe rasmi mazungumzo na Wizara ya Elimu chini ya Ibara ya 187 kuhusu miundombinu na chakula cha shule. Nakala moja iende kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na moja kwa mbunge, ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Fomu anazo katibu pale mlangoni, nimezipiga chapa mwenyewe. Shule ambazo hazina mwakilishi leo, naomba jirani achukue yao awapelekee. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Yule mama aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja uji ndiye awe wa kwanza kuuliza.